Majibu ya Vipimo Vyetu Yako Wapi? Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Madini, Mazingira na Afya

Waheshimiwa,

Yah: Vipimo vya zebaki vilivyochukuliwa kwa wakazi, na namna wataalamu na wanavijiji wanavyoitazama hatari ya machimbo

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na, tangu nilipostaafu, katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji chetu, kimojawapo cha vijiji vya Mkoa wa Geita vinavyoishi kwa dhahabu ya wachimbaji wadogo. Kutoka barazani kwangu nasikia makarasha yakisaga mawe tangu alfajiri, na jirani yangu wa upande wa kisimani ana mwalo, yaani mteremko wa kuoshea mchanga wa dhahabu, uani kwake. Sikusomea kemia, na siandiki kumshtaki mtu. Naandika kwa sababu ya jambo lililotokea kijijini kwetu, ambalo kila nikilifikiria naona linawahusu ninyi kuliko linavyomhusu mtu mwingine yeyote.

Miaka mitatu iliyopita, mwishoni mwa kiangazi, ilikuja timu ya watafiti ikiwa na magari mawili na barua ya utambulisho. Sitaitaja taasisi yao. Walikuwa vijana wenye adabu na walifanya kazi kwa bidii. Walikaa nasi siku nne. Walichota maji ya visima viwili na ya kijito, wakachukua tope la chini ya mwalo, wakanunua samaki gulioni, kisha wakaomba mkojo na nywele za watu wanaochoma dhahabu iliyookotwa kwa zebaki na za kina mama wajawazito. Hapo ndipo penye ugumu, kwa kuwa kwetu nywele na mkojo si vitu vya kumkabidhi mgeni. Mimi ndiye niliyezunguka nyumba kwa nyumba nikieleza kwa Kisukuma kwamba hakuna ubaya, na wengi walikubali kwa sababu tu niliwahi kuwafundisha, wao au watoto wao. Mama mmoja mwenye ujauzito wa miezi sita aliuliza swali moja kabla ya kukabidhi kichupa chake: "Majibu nitayapata lini?" Akajibiwa kwamba yataletwa.

Mtoto wa mama yule sasa anatembea na kuongea. Majibu hayajaletwa.

Mwaka jana nilialikwa kwenye warsha moja mjini. Katika mawasilisho ya mchana niliona picha ya kisima chetu ukutani, na chini yake pameandikwa kwamba uelewa wa jamii kuhusu hatari za zebaki ni mdogo. Nilibaki nimeshika kikombe cha chai bila kunywa. Watu waliochukua mkojo wetu wakaondoka nao, wakakaa na majibu yake, ndio walioandika kwamba hatuelewi.

Sisemi kwamba sentensi ile ni ya uongo. Yapo mengi tusiyoyajua, na nitayataja bila kuficha. Ninachokataa ni namna ilivyopatikana. Dodoso lao lilimuuliza mkazi kama anajua zebaki ina madhara, na kama anajua, ayataje. Hakuna aliyeulizwa anaogopa nini. Baada ya warsha ile kamati yetu iliomba nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, tukauliza swali hilo la pili, na watu walizungumza mpaka jua likazama. La kwanza lililotajwa, tena na watu wengi kwa mpigo, ni maduara yaliyoachwa wazi. Ukipita shamba la nyuma ya shule utayaona: mashimo ya upana wa mlango, mengine yamezibwa kwa matawi na mengine hayajazibwa kabisa, na mvua ikinyesha nyasi huota pembeni mpaka shimo lisionekane. Ng'ombe wametumbukia humo, na mtoto wa darasa la pili alitumbukia, akatolewa akiwa hai kwa kamba ya matimba, yaani magogo ya kuzuia duara lisiporomoke. Baada ya maduara yakatajwa maji ya kisima kubadilika rangi, vumbi la makarasha, mbu wa kwenye madimbwi, na miti iliyokwisha kwa kukatwa matimba. Zebaki ilitajwa karibu na mwisho, na aliyeitaja alikuwa mhudumu wa zahanati.

Mtaalamu akiusoma muhtasari wa mkutano ule ataona watu wasiojua kupanga hatari kwa uzito wake. Mimi nilikuwa nashika kalamu siku ile, na nilichokiona ni watu wanaopanga hatari kwa kuangalia ni ipi inaua mchana, mbele ya macho yao, na ni ipi inayoweza kuondolewa na mtu fulani anayejulikana kwa jina. Shimo lina mwenyewe. Moshi wa zebaki hauna mwenyewe, na madhara yake huchukua miaka kuonekana; mikono ikianza kutetemeka husemwa ni gongo, mtu akianza kusahau husemwa ni uzee, na zahanati yetu hupima malaria na kutoa dawa ya maumivu kwa sababu hicho ndicho ilicho na uwezo nacho.

Sasa niseme tusiyoyajua. Jioni yoyote naweza kumpeleka mgeni nyumba ya tatu kutoka kwangu akaone dhahabu inavyochomwa. Mchanga uliobaki kwenye magunia ya mwalo huoshwa katika beseni, zebaki humiminwa kutoka kwenye chupa ya plastiki iliyokuwa ya soda, na kijana huivuruga kwa vidole vitupu mpaka iokote dhahabu yote. Kisha hukamua ndani ya kitambaa, na kitambaani hubaki donge la kijivu lenye ukubwa wa punje ya karanga. Donge hilo huwekwa juu ya kipande cha bati, bati juu ya jiko la mkaa, lile lile litakaloinjikwa ugali baada ya nusu saa. Moshi huwa kidogo sana, mweupe, hauwashi macho, na ndiyo maana haumtishi mtu. Watoto huchuchumaa karibu kwa sababu ni jambo la kupendeza kuona kijivu kinageuka njano.

Wanakijiji wengi wanaamini kwamba hatari ya zebaki iko mikononi na tumboni, kwa hiyo watanawa mikono vizuri kabla ya kula, na wengine watakunywa maziwa ili "kukata sumu". Ukweli unaojulikana kwa wataalamu ni kinyume chake. Zebaki ya maji maji ikimezwa karibu yote hupita tumboni na kutoka, lakini mvuke wake ukivutwa, takriban asilimia 80 hubaki mwilini, huingia kwenye damu, na hufika kwenye ubongo na figo. Vipimo vilivyofanywa katika machimbo madogo ya Tanzania na Zimbabwe katika miaka ya 1990 vilionyesha kwamba asilimia 70 hadi 80 ya zebaki inayopotea wakati wa kuchenjua dhahabu hupotelea hewani, na kwamba kwa kila gramu moja ya dhahabu hupotea zaidi ya gramu moja ya zebaki. Maana yake ni kwamba maziwa hayasaidii chochote, kunawa kunasaidia kidogo, na kutoa jiko nje ya nyumba kunasaidia kuliko vyote viwili. Jambo hili linaweza kuelezwa kwa dakika tano, kwa lugha yoyote, na mtu mwenye jibu la mkojo wake mwenyewe mkononi angelisikiliza kwa masikio mengine kabisa.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Ni kweli, ila nimekuja kuona kwamba hata anayekilalia huwajua kunguni kwa kuumwa tu, wala hajui wamembebea ugonjwa gani. Huko Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2010, watoto walikufa kwa mamia katika vijiji vilivyosaga mawe ya dhahabu majumbani, na wazazi wengi walidhani ni malaria. Ilibidi damu ipimwe ndipo ijulikane kwamba mawe yale yalikuwa na madini ya risasi. Asije mtu akasema naandika kuwadharau wataalamu. Bila wao tungekuwa tunazika tusijue tunazika nini.

Lakini lipo pia wanaloliona wakazi kabla ya maabara. Mkataba wa kimataifa unaodhibiti zebaki umepewa jina la Minamata, mji wa wavuvi nchini Japani. Wavuvi wa pale waliona paka wao wakiyumba, wakizunguka kama wanaocheza ngoma na kutumbukia baharini, kabla madaktari hawajatangaza ugonjwa wa binadamu mwaka 1956. Serikali ya nchi hiyo ilikubali rasmi kwamba chanzo ni zebaki iliyotoka kiwandani mwaka 1968. Kwa miaka kumi na miwili kati ya tarehe hizo mbili watu waliendelea kula samaki. Nchi yetu iliridhia mkataba huo mwaka 2020, na nyakati nyingine najiuliza kama walioridhia walikumbuka habari ya paka.

Mfano wa karibu zaidi ni retoti. Waheshimiwa mnaifahamu: chombo cha chuma kilichofungwa, donge huwekwa ndani, mvuke hupita kwenye bomba, hupoa na kurudi kuwa zebaki inayoweza kutumika tena. Ni kifaa kizuri, na kanuni za mazingira kwa wachimbaji wadogo za mwaka 2010 zinataka mvuke wa zebaki udhibitiwe kwa kifaa cha namna hiyo. Kijijini kwetu zililetwa retoti kadhaa, zikatumika wiki mbili tatu, kisha moja ikawa kizuizi cha mlango wa duka na nyingine sijui ziko wapi. Ripoti ikasema jamii ni ngumu kubadilika. Ukiwauliza wachimbaji wenyewe watakupa sababu tatu, na zote zina akili. Dhahabu ya duara moja ina wenyewe wengi, wakiwamo mwenye leseni, mwenye duara, mwenye karasha na vijana waliochimba, na kila mmoja anataka kuiona kwa macho tangu ikiwa donge mpaka iwe njano, kwa sababu ndani ya chuma kilichofungwa haijulikani kimepungua nini. Dhahabu inayotoka humo wakati mwingine huwa na rangi iliyofifia, na mnunuzi hushusha bei. Tena huchukua muda mrefu, na jioni ile watu wanasubiri mgao ili wanunue unga. Tatizo lilikuwa la kuaminiana, likaandikwa kuwa la elimu. Waliolielewa hivyo walitengeneza retoti yenye bakuli la kioo, ambayo kila mwenye mgao anaona kinachoendelea ndani, na huo ndio ugunduzi ambao ungeanza kwetu kama tungeulizwa mapema.

Hata zebaki yenyewe wataalamu wengi huizungumzia kana kwamba mchimbaji huiendea dukani kwa hiari yake. Mara nyingi huletewa. Mnunuzi wa dhahabu humpa bure, kwa sharti kwamba dhahabu itakayopatikana auziwe yeye kwa bei yake. Kijana anayevuruga beseni anaweza kujua madhara yote kwa kichwa na bado asiwe na njia ya kukataa, kwa sababu zebaki ile ni mkopo. Je, dodoso gani liliwahi kuuliza habari ya mkopo huo? Tangu soko la madini lilipofunguliwa Geita mwaka 2019 mchimbaji ana mahali pa kuuza kwa bei iliyo wazi, na hilo nawapongeza nalo kwa dhati. Lakini aliyekwisha kukopa kijijini hafiki sokoni.

Kuna jambo ambalo naomba mlisome mara mbili, kwa kuwa nadhani ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote niliyoyataja. Mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao sisi tunauita marudio, hautupwi. Hurundikwa kando ya mwalo ukiwa bado na dhahabu kidogo na zebaki isiyookotwa, kisha hununuliwa na wenye mitambo ya kuchenjua kwa sayanidi, ambao huupakia kwenye malori na kuuloweka katika matangi yao. Sayanidi ikikutana na zebaki huiyeyusha, na zebaki iliyoyeyuka husafiri na maji mbali kuliko ile iliyolala kwenye tope. Ndiyo sababu Mkataba wa Minamata, katika kiambatisho chake cha uchimbaji mdogo, umetaja kuloweka kwa sayanidi mchanga wenye zebaki ambayo haijaondolewa kwanza kuwa miongoni mwa vitendo vinavyotakiwa kukomeshwa, pamoja na kuchoma donge mahali pa wazi na kuchomea katika makazi ya watu. Maneno hayo ni ya wataalamu, na ni sahihi. Sasa sikilizeni wanayoyajua wakazi: malori ya marudio hupita usiku gani, yanatoka mwalo wa nani, tangi lipi lina ufa unaozibwa kwa saruji kila kiangazi, na mvua za Machi zikijaa maji yake huteremkia shamba la mpunga la nani. Mkaguzi anayekuja mchana baada ya kutoa taarifa hukuta pamefagiwa. Mwanamke anayelima mpunga ule anaweza kumwonyesha mkaguzi mstari ambao mimea yake huishia, lakini hajawahi kuulizwa, kwa kuwa hesabu zake haziko katika miligramu kwa lita.

Hata samaki wametuletea mgogoro wa namna hiyo. Ilitosha mtu mmoja kusema kwenye semina kwamba samaki wana zebaki, na gulioni kina mama wauza samaki walikaa na mabeseni yao wiki nzima. Tafiti zilizofanywa Ziwa Victoria kwa miaka mingi zimeonyesha kwamba samaki wengi wako chini ya nusu miligramu kwa kilo, kiwango kinachotumika sana duniani, na kwamba zebaki huongezeka kwa sangara wakubwa wanaokula samaki wenzao, ilhali dagaa wako salama zaidi. Habari hiyo ingeweza kusemwa yote kwa pamoja. Vipimo vya nywele vilivyofanywa ukanda huu katika miaka ya 1990 vilitoa na jambo jingine la kushangaza: baadhi ya waliokutwa na zebaki nyingi walikuwa watumiaji wa sabuni za kujichubua ngozi. Nawaza mara nyingi kuhusu yule mama wa miezi sita. Kama jibu lake lilikuwa kubwa, je, lilitokana na jiko la jirani, na sangara, au na sabuni? Kila jibu lina hatua yake, na zote angeweza kuzichukua mwenyewe bila kungoja mradi.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, ombi langu la kwanza ni jepesi kulitaja. Kila anayepewa kibali cha kuchukua mkojo, nywele, damu, maji au udongo katika kijiji cha machimbo awe na wajibu wa kuyarudisha majibu kwa wenyewe, ya mtu kwa mtu mwenyewe kwa siri na ya kijiji kwa mkutano mkuu, kwa Kiswahili, ndani ya muda uliotajwa kwenye kibali, na asiyefanya hivyo asipewe kibali kingine. Katiba yetu, ibara ya 18, inatambua haki ya raia kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake, na tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa tangu mwaka 2016. Kiambatisho kile kile cha Minamata kinataka mpango wa taifa uwe na mikakati ya kuwapasha habari wachimbaji na jamii zinazoathirika, na ya kuwafundisha wahudumu wa afya. Mhudumu wetu wa zahanati ni binti hodari. Apewe mafunzo ya kutambua dalili, na apewe mahali pa kupeleka kichupa ambapo majibu hurudi.

La pili linahitaji moyo kidogo. Kila mwenye leseni ndogo ya uchimbaji anatakiwa kuwa na Mpango wa Hifadhi ya Mazingira. Mipango mingi niliyoonyeshwa inafanana mpaka alama za nukta, kwa sababu huandikwa mjini na mtu asiyefika. Naomba ukurasa mmoja wa mpango huo ujazwe kijijini, mbele ya kamati ya mazingira, ukionyesha maduara yaliyopo na nani atayafukia, marudio yatakwenda wapi, na maji ya masika hupita wapi. Ofisa wa madini aje na ukurasa huo anapokagua. Maduara ya nyuma ya shule yakifukiwa, watu watakuwa na sababu ya kumsikiliza atakayekuja kuwaeleza habari ya moshi. Yakibaki wazi, kila semina ya zebaki itaonekana kama habari ya watu wengine.

Kuhusu kuacha zebaki kabisa sitasema mengi. Kituo cha mfano cha Lwamgasa kilichojengwa chini ya STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, huchenjua dhahabu bila zebaki, na wachimbaji waliofika pale wamerudi wakisema dhahabu hutoka zaidi. Kwetu ni mbali kubeba viroba vya mawe, na nauli hula faida. Mkileta kingine karibu, watu watakwenda bila kuhubiriwa.

Kamati yetu hukutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa nne asubuhi, katika darasa la tano la shule ya msingi. Orodha ya waliotoa mkojo na nywele ninayo kwenye daftari, pamoja na tarehe na namba za vichupa, kwa sababu ni mimi niliyewaandika. Wanne wamekwisha kuhama, mmoja amefariki. Waliobaki ni rahisi kuwapata.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji,
Mkoa wa Geita